Ujumbe wa Kosa na Pale Mashine Inapokwama

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na nomino. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitupatia menyu za Kiswahili. Sentensi ambayo mashine humwambia mtu aliyekosea haijapewa uzito unaostahili.

Chukulia kijana wa Mbagala au Mwananyamala anayeandika kiashiria cha bei za sarafu kwa lugha ya MQL4, inayotumika katika programu ya MetaTrader 4. Anataka wastani wa bei za kufungia za siku 14, unaosogezwa mbele siku hadi siku. Mwishoni mwa mstari wa 11 amesahau nukta-mkato. Programu inayofasiri maagizo hailioni pengo hilo. Huendelea kusoma hadi neno la kwanza la mstari wa 12, na hapo ndipo inapokwama. Ujumbe wake, ambao ni wa Kiingereza, hutaja mstari wa 12. Kijana huuchokonoa mstari huo usio na hatia, akaharibu kilichokuwa sahihi, na kosa moja likawa saba.

Mtafsiri wa haraka ataandika: "Kosa: mstari wa 12." Hiyo ni tafsiri potofu, hata kama kila neno ni sanifu. Mashine haijui kosa lilipo; inajua tu pale ilipokwama. Kiswahili kinaweza kulisema hili bila istilahi mpya hata moja: "Usomaji umekwama mwanzoni mwa mstari wa 12, ilitarajiwa nukta-mkato kabla ya hapo." Maneno "kabla ya hapo" yanamrudisha msomaji mstari wa 11. (Wapo watakaopendelea "nimekwama"; binafsi sioni sababu ya kuipa mashine nafsi.)

Kijana huyohuyo akigawanya jumla ya bei 14 kwa 13, sintaksia ni safi na programu hailalamiki. Wastani utazidi ule wa kweli kwa takriban asilimia 7.7, na fedha zake zitaufuata. Tangu Chomsky (1957) wanaisimu tumezoea kutenga usahihi wa muundo na maana. Hapa utengano huo una gharama. Ndiyo maana napinga kufupisha "kosa la kisintaksia" kuwa "kosa" tu. Anayesoma "Makosa 0" huamini kwamba hesabu yake ni sahihi. Iandikwe "Makosa ya kisintaksia 0", hata kama dirisha ni dogo.