Mtegua mabomu asipewe betri za bei ya chini

Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, viliacha mabomu yasiyolipuka katika ardhi ya Kisangani. Wanaoyatafuta hutumia mashine ya kugundua chuma. Betri zikichoka, mashine inaweza kunyamaza juu ya bomu, na mkulima ataambiwa alime. Basi tusiwanunulie zile betri nyepesi ambazo sisi wote tumezitia kwenye redio tukajuta. Wapewe alikalini za volti 1.5, zenye tarehe ya mwisho inayosomeka. Za kuchajiwa hutoa karibu 1.2 tu, na si kila mashine huzikubali. Wanaolipia kazi hii waandike betri kwenye bajeti, na kila asubuhi mashine ijaribiwe juu ya kipande cha chuma kabla ya kuingia shambani.