Nawa Mikono Kabla ya Kupima Sukari

Majuzi mama mmoja muuza matunda hapa Eldoret aliletwa kwenye kliniki yangu akitetemeka na kutokwa na jasho jembamba. Alikuwa ametoka kumenya mananasi, akafuta kidole kwa spiriti, akajipima sukari. Mashine ikaonyesha 19. Kwa hofu akajidunga insulini zaidi. Nilipompima mimi, nilipata 2.4. Angechelewa kidogo tu, angezimia.

Mashine yake haikuwa mbovu. Kwenye ncha ya stripu kuna elektrodi nyembamba sana, zilizopakwa kimeng'enya kinachotambua glukosi. Damu ikigusa hapo, umeme kidogo hupita, na mashine huugeuza kuwa namba. Uso huo huandaliwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa, lakini hauwezi kutofautisha sukari ya damu na ya nanasi. Na kwa kuwa tone la damu ni dogo mno, utomvu kidogo tu wa tunda watosha kuupotosha.

Mwaka 2011, watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Diabetes Care kwamba watu waliomenya matunda walipata namba za juu za uongo hata baada ya kufuta kidole kwa spiriti. Waliponawa kwa maji, namba zilirudi sawa.

Je, tumlaumu mama huyu? La. Mimi mwenyewe nilimfundisha kujidunga, sikumfundisha kunawa. Sisi madaktari twahubiri kuhusu chai ya sukari na ukubwa wa ugali, kisha twamkabidhi mgonjwa mashine kana kwamba ni saa ya mkononi.

Wenye maduka nao wana deni. Najua kopo zima ni ghali, ndiyo maana wengine hununua stripu mojamoja zilizofungwa kwa karatasi. Lakini unyevu na joto huharibu kimeng'enya kile. Stripu iliyotolewa koponi mapema ni pesa zilizotupwa.

Basi, nawa kwa maji na sabuni, kausha kidole kabisa, tazama tarehe ya mwisho, na ufunge kopo papo hapo. Namba ikikushtua, nawa tena na upime tena kabla ya kushika sindano. Lakini ukitetemeka na kutokwa na jasho, pima upesi. Usipoweza, kunywa kitu chenye sukari bila kungoja.

Insulini huokoa maisha, ila hufuata namba unayoipa.