Kumaliza Dozi: Mtihani Mkubwa wa Tiba ya Kifua Kikuu

Kifua Kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya Serikali nchini. Hata hivyo, mafanikio ya tiba hutegemea zaidi kipindi ambacho mgonjwa hajihisi tena kuwa mgonjwa.

Matibabu ya kawaida kwa mtu mzima huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza, mgonjwa humeza mchanganyiko wa dawa nne. Miezi 4 inayofuata huendelea na mbili, rifampisini na isoniazidi. Ndani ya wiki chache kikohozi hupungua, nguvu hurejea, na mchimbaji wa madini hutamani kurudi mgodini. Hapo ndipo hatari ilipo. Vimelea vilivyosalia mwilini, dozi ikikatizwa, huweza kujenga usugu, na mgonjwa akaambukiza wengine TB sugu, ambayo tiba yake ni ngumu na ya gharama kubwa.

Tanzania ina uzoefu katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi ya Dkt. Karel Styblo nchini ilichangia mkakati wa kumeza dawa chini ya uangalizi, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliueneza miaka ya 1990.

Msingi wake haujabadilika: mgonjwa asiachwe peke yake. Ndugu anayemkumbusha dawa na mwajiri anayemruhusu kwenda kliniki ni sehemu ya tiba.