Amana Iliyo Mezani

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa karani katika afisi moja ya mwambao, simu iliyokuwa mezani kwangu iliingiwa na maradhi ya kukwaruza: kila nilipouinua mkonga na kuusogeza sikioni, sauti ya mtu wa upande wa pili ilikuja vipande vipande, ikapotea, ikarudi, kisha ikafunikwa na mvumo kama wa mafuta yanayokaangia samaki. Asubuhi moja alipiga mzee aliyekuwa akifuatilia kiinua mgongo chake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," lakini salamu yangu haikumfika, akaniuliza mara tatu, "Mwanangu, wanisikia?", nami nikamjibu mara tatu kwa sauti ya juu, hata mwisho nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye kwamba watu wa afisi ile wamekataa kusema naye. Akakata simu, nami nikabaki na mkonga mkononi, nikijua ya kuwa ameondoka na dhana mbaya juu yetu, na kwamba sisi wenyewe ndio tuliompa sababu ya kudhani hivyo.

Tulikuwa tumekwisha kuandika barua ya kuomba simu mpya. Fundi alipofika, mtu mzima mwenye utaratibu, hakuigusa simu yenyewe. Aliutazama kwanza waya wa mapindi uliouunganisha mkonga na simu, akauchomoa, akaenda meza ya pili akachukua waya wa simu ya mwenzangu, akauchomeka kwenye yangu, akaniambia nipige mahali. Sauti ikaja safi kama ya mtu aliyesimama mlangoni. "Mwanangu," akasema, "simu yako nzima, kilichokufa ni waya." Kisha akanionyesha ncha ya ule waya mbovu: vijino vinne vyembamba vya madini, viwili vya kuichukua sauti ya msemaji na viwili vya kuileta ya mwenziwe, na kimoja katika kila jozi kimefanya kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa ya pwani.

Nasema basi, kwa yakini ya mtu aliyeyaona, ya kwamba waya, mkonga, plagi na visikilizio vya simu ya afisi si vikorokoro vya kupuuzwa, bali ni amana ya umma, na anayeviacha viharibike humdhulumu mtu asiyemwona. Yule mzee alikuja mwenyewe siku ya nne, baada ya kupanda basi tangu alfajiri. Bei ya waya tuliofanya ajizi kuununua ilikuwa imelipwa kwa nauli yake.

Wako watakaosema kwamba zama za simu ya mezani zimekwisha, kwa kuwa kila mtu anayo ya mkononi mfukoni mwake. Sikubaliani nao. Simu ya mkononi ni ya mtu. Simu ya mezani ni ya kazi. Karani akihamishwa, akistaafu au akiugua, nambari yake ya mkononi huondoka naye, ilhali nambari ya afisi hubaki palepale, imeandikwa juu ya risiti, juu ya ubao wa mlangoni, na juu ya karatasi ambayo mjane ameikunja na kuihifadhi pamoja na vyeti vya marehemu mumewe. Nambari hiyo ndiyo mlango wa watu wasiomjua mtu yeyote ndani.

Kuvifunga vyombo hivi hakuna uchawi, ila kunataka makini. Tundu la mkonga na tundu la visikilizio aghalabu hufanana kama shilingi kwa ya pili, na hutofautishwa kwa kijipicha kidogo kilichochorwa ubavuni au chini ya simu. Asiyekitazama huchomeka mkonga pasipo pake, kisha akaishutumu simu kwa ububu. Plagi ya mkonga ni nyembamba kuliko ile ya laini ya ukutani, na kila moja ina ulimi wa plastiki ambao hulia "ta!" unapokaa mahali pake; pasipo mlio huo kazi haijakwisha.

Simu za siku hizi zipitazo katika mtandao wa kompyuta zina jambo lao jingine la kutanabahi. Nyingi hupokea umeme kwa waya uleule wa mtandao, kwa utaratibu uliosanifiwa mwaka 2003, na waya huo haufai kuzidi mita 100. Simu za zamani zililishwa umeme na kituo cha simu, kiasi cha volti 48, hata taa za mtaa mzima zilipozimika ziliweza kulia. Hizi mpya, umeme ukikatika, hunyamaza, isipokuwa mtambo unaozigawia umeme uwe na betri ya akiba. Hospitali au kituo cha zimamoto kilichofungiwa simu mpya bila ya mtu kuuliza habari ya betri hiyo, kazi yake haijakamilika.

Ama utunzaji wa vyombo hivi, wahitaji dakika chache tu kwa juma. Waya usipite chini ya magurudumu ya kiti wala usikunjwe kwa nguvu penye kona ya meza. Mkonga upanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya asilimia 70, wala dawa isinyunyiziwe moja kwa moja, kwani itapenya kwenye vitundu vya kusemea. Sifongo za visikilizio, ambazo hunywa jasho la masikio, zibadilishwe zikichakaa, na kila mpokea simu awe na zake, maana kuvaa jasho la mwenzio si staha wala si afya. Na anayeandika huku akisema apewe visikilizio, asilazimike kuubana mkonga baina ya sikio na bega mpaka shingo ikakakamaa.

Fauka ya hayo, kila afisi na imtaje kwa jina mtu mwenye dhamana ya vyombo hivi, na iweke sandukuni nyaya mbili tatu za akiba, ili simu nzima isipelekwe stoo kwa kosa la waya mmoja. Na fundi asitiliwe sahihi karatasi yake ya kazi kabla hajamwonyesha mwenye meza namna ya kuchomoa, kuchomeka na kujaribu.

Fundi wetu hakuhitaji kuambiwa hayo. Kabla hajaondoka aliuinua mkonga wangu, akaushusha taratibu pembeni mwa meza, akauachia uning'inie. Mkonga ukazunguka wenyewe, kwa kasi, kisha polepole, mapindi yakijikunjua moja baada ya moja, hata ukatulia. "Fanya hivi kila Ijumaa," akaniambia, "waya utadumu." Nilifanya hivyo kila Ijumaa mpaka nilipoiacha kazi ile, na kila mkonga ulipotulia nilimkumbuka mzee wangu aliyeniuliza mara tatu kama namsikia.