Kabla ya Kuchora Kanga, Mpeleke Mtoto Bustanini



Muhula huu watoto wetu watabuni kanga. Kila mmoja atachora pindo, mji na jina, na kazi zao zitatundikwa ukutani siku ya kufunga. Ni zoezi zuri, lakini mwanzo wake unanisumbua. Ukimwachia mtoto mwenyewe, atafungua simu, atatafuta michoro ya Kiafrika, atanakili pembetatu tatu na twiga mmoja, na kabla ya chakula cha jioni kazi imekwisha. Naomba mwaka huu simu iwekwe kando na kazi ianzie bustanini. Nina sababu mbili: moja ya sanaa, moja ya lugha.

Tuanze na sanaa. Chukua ile alama ya korosho, inayoonekana kwenye kanga nyingi. Muulize mwanao ni kitu gani. Wengi watakwambia ni tone la maji, au yai lenye mkia. Umbo hilo halikuanzia kwetu. Waajemi walikuwa nalo, na Wahindi wakaliona kuwa ni embe. Watu wa pwani walilitazama umbo lile lile wakaona korosho, kwa sababu mkorosho ulikuwa uani. Jina lilitoka kwenye macho yaliyozoea kutazama mti. Mtoto anayenakili korosho kutoka kwenye kioo cha simu ananakili macho ya mtu mwingine, na ndiyo maana mchoro wake unatoka mkavu.

Mafundi wakubwa wa hapa Uingereza walilijua hili. William Morris, aliyezaliwa Walthamstow mwaka 1834, aliwaona kwerume wakiiba stroberi katika bustani ya nyumba yake ya mashambani. Mwaka 1883 wezi hao wakawa kitambaa, Strawberry Thief, ambacho watu wananunua mpaka leo. Joseph Paxton alikuwa mtunza bustani. Alipofanikiwa kulikuza lile yungiyungi kubwa la Amazoni liitwalo Victoria, mwaka 1849 alimsimamisha binti yake mdogo juu ya jani likielea majini, na jani halikuzama. Upande wa chini jani hilo lina mishipa minene iliyotawanyika kama vyuma vya mwavuli. Paxton alisema kuwa mishipa ile ilimpa wazo la namna ya kushikilia paa la Crystal Palace, jumba la vioo lililofunguliwa London mwaka 1851. Jani lilizaa jumba, basi halishindwi kuzaa pindo la kanga.

Sasa lugha, ambayo ndiyo iliyotuletea watoto hapa kila Jumamosi. Hesabu majina ya rangi tunayowafundisha. Kijani ni jani. Zambarau ni tunda. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kahawia ni kahawa, waridi ni ua, rangi ya machungwa haihitaji maelezo, na maji ya kunde anayajua kila aliyewahi kuchemsha kunde. Kiswahili kinamtuma msemaji kwenye mmea au jikoni mara nyingi anapotaka kutaja rangi. Mtoto aliyejifunza rangi kwenye karatasi ya mazoezi amekariri neno tu. Aliyesimama mbele ya ua akabishana na nduguye kama ni zambarau au urujuani amelimiliki neno hilo.

Na rangi ni mlango mmoja tu. Watoto wetu wengi husema ua "linanuka". Mswahili akisikia hivyo atauliza limeoza lini. Ua zuri linanukia. Tofauti hiyo utaisahihisha mezani mara kumi bila mafanikio, lakini mpe mtoto jani la mnanaa alifikiche vidoleni, kisha mpitishe karibu na rundo la majani yanayooza nyuma ya kibanda cha mtunza bustani, naye ataitenganisha mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mguso: jani hili linakwaruza, lile linateleza, na lile jingine lina malaika, vile vinywele laini kama vya shingo ya mtoto mchanga.

Nikiambiwa nichague mahali pamoja, nitachagua Kew. Ingia Palm House, nyumba ya vioo iliyojengwa kati ya mwaka 1844 na 1848. Ukifungua mlango miwani inaingia ukungu, na joto lile la unyevu linakukumbusha Tanga wakati wa masika. Humo mna migomba, mibuni na mikakao, na mnasikika maji yakidondoka kutoka jani hadi jani. Mna pia mmea wa jamii ya saikadi uliotoka Afrika Kusini mwaka 1775 na ambao bado unakua kwenye chombo chake. Mwambie mtoto aikague ncha ya kila kijani chake, kisha ajaribu kukirudia mara ishirini kwenye ukanda wa karatasi. Hapo ameshapata pindo.

Najua mtakayosema. La kwanza, Kew ina kiingilio, na familia ya watoto wanne itaona uchungu wake. Kweli. Lakini bustani za mitaa ni bure. Nyumba aliyoishi Morris ujanani, pale Walthamstow, sasa ni jumba la sanaa lisilo na kiingilio, na nyuma yake ipo Lloyd Park. Na kama Jumamosi na Jumapili zote uko kazini, nunua chungu kimoja cha lile ua dogo ambalo Waingereza huliita urujuani wa Afrika. Linauzwa madukani kwa bei ya kawaida, na asili yake ni milima ya Usambara na maeneo ya Tanga. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake. Liweke dirishani, mwanao apapase majani yake yenye malaika, na umwambie kuwa jirani huyu ametoka kwetu.

La pili, kuna watakaosema kuwa mimea ya Ulaya haina nafasi kwenye kanga. Kanga yenyewe ingewacheka. Jina leso lilitoka kwa Wareno, na kwa miaka mingi vitambaa vilichapwa Ulaya, India na Japani kabla ya viwanda vya Kenya na Tanzania. Kilichoifanya kuwa yetu ni mpangilio wake, jina lake, na namna tunavyoivaa na kupeana. Mtoto aliyezaliwa London akiweka jani la mwaloni katikati ya mji, na chini yake akaandika jina kwa Kiswahili chake mwenyewe, ametengeneza kanga halali.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni hili: Jumamosi mbili za mwanzo wa zoezi zifanyike nje. Kwenu wazazi, mnaoweza kwenda nao mapema, utaratibu ni mwepesi. Chukueni penseli na karatasi. Hakuna kupiga picha nusu saa ya kwanza. Kila mtoto achague kitu kimoja tu, akichore kwa ukubwa wake halisi, akinuse, akisikilize kama kina sauti. Palipokatazwa kugusa, okoteni majani yaliyoanguka. Mazungumzo yote yawe kwa Kiswahili, na neno likikosekana mpigieni bibi simu palepale; hiyo ndiyo simu ninayoiruhusu.

Jina la kanga liwe la mwisho, na litoke hapohapo kwenye nyasi. Msimletee mtoto methali iliyo tayari. Muulizeni kitu alichokichora kingesema nini kama kingekuwa na mdomo. Ua la waridi, kwa mfano, lingeweza kumwambia mpita njia: USINICHUME, NINUSE. Kanga yenye maneno kama hayo ningeinunua mimi mwenyewe, doti nzima.