NYUMBA YETU: Taa Ichaguliwe kwa Anayekaa, Si kwa Anayepita



Mwezi huu twazungumzia jambo ambalo wengi wetu tulio ughaibuni twalitolea fedha nyingi na fikra chache: taa za nyumba tunayoijenga kwetu, kandoni mwa bahari.

Aghalabu nyumba hiyo hukaliwa na wazee wetu, nasi huifikia kwa likizo ya wiki chache. Tupitapo madukani Dubai au London huona taa za vioo zinazometameta, tukazifunga katika kontena, na fundi akaziongezea vijitaa arubaini kuzunguka dari ya jipsamu. Mgeni akiingia husema mashaallah. Lakini mgeni huondoka. Anayebaki ni mama, naye ndiye anunuaye umeme, na ndiye apapasaye ukuta usiku akitafuta njia ya msalani. Ushauri wetu wa leo ni mmoja: taa ichaguliwe kwa anayekaa, si kwa anayepita.

Waliotutangulia mwambaoni walikuwa na maarifa ya jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, vyumba ni vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kuta ni nene, zimepakwa chokaa nyeupe, na ndani yake mmechongwa zidaka. Taa ikiwekwa kidakani, chokaa huupokea mwanga na kuutawanya taratibu, wala mwali wenyewe haumchomi mtu machoni. Nasi Waislamu twajua kuwa katika Sura An-Nur, aya ya 35, nuru ya Mwenyezi Mungu imepigiwa mfano wa taa iliyomo ndani ya kioo, katika shubaka. Tafsiri ina wenyewe. Sisi twakumbusha tu kuwa taa iliyotulia ukutani si ugeni kwetu. Nyumba yenye vyombo vichache na kuta nyeupe haihitaji taa nyingi, maana ukuta wenyewe huwa nusu ya taa.

Sasa tuje kwenye uchaguzi.

Kwanza ni rangi ya mwanga. Kwenye boksi la globu huandikwa namba yenye herufi K. Globu ya 2700 K hutoa mwanga wa manjano, kama wa kandili. Ya 6500 K hutoa mweupe wa kibuluu, kama wa dukani. Sebuleni na vyumba vya kulala tuweke 2700 K. Mwanga wa kibuluu huuchelewesha usingizi, tena huvuta wadudu zaidi. Jikoni, penye kisu na moto, 4000 K yafaa.

Pili ni mahali. Taa isimamie penye kazi: kando ya kiti cha kusomea, juu ya meza ya kukatia mboga, kwenye ngazi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo baba anayesoma msahafu baada ya Alfajiri hasaidiwi na taa kumi za darini. Husaidiwa na taa moja yenye nguvu, imetokea ubavuni, karibu na ukurasa. Globu ya lumeni 800, ambayo ni sawa na ile ya zamani ya wati 60, yatosha. Na kutoka kitandani hadi msalani ziwekwe taa ndogo mbili karibu na sakafu, zenye kuwaka usiku kucha. Hizo bei yake ni ndogo kuliko zote, na huenda zikamwepusha mzee na kuvunjika nyonga anapoamka kutawadha.

Tatu ni umeme, na hapa tufanye hesabu. Vijitaa 40 vya wati 7 ni wati 280; vikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 1.4. Taa tano za wati 9 ni wati 45. Kwa saa hizo hizo hula chini ya robo ya uniti. Tofauti hiyo huonekana zaidi umeme unapokatika. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu katika njia ya umeme itokayo Tanzania Bara. Waya mpya wa baharini ulianza kazi mwaka 2013, ila mwenye busara hujiwekea akiba. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu yake ili isife mapema, huwasha zile taa tano kwa saa 12 hivi. Vile vijitaa arubaini huimaliza kwa saa mbili.

Nne ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma, hata kilichopakwa rangi. Barazani na roshani tuchague taa za shaba nyeupe au za kauri, zilizofungwa vyema, zenye alama ya IP65, isemayo kuwa vumbi halipenyi wala maji ya kurushiwa. Na taa za nje zielekezwe chini, zisiangaze ufukweni. Penye kutaga kasa, kama Watamu na Mafia, vitoto vyao huifuata taa ya nyumba vikidhani ndiyo bahari, vikafia nchi kavu.

Tano ni kwa walio Marekani na Kanada: taa za huko hutengenezwa kwa volti 120, na kwetu ni takriban 230. Tusome maandishi ya chini kabla ya kulipa, la sivyo taa itaungua siku ya kwanza. Walio Uingereza na Oman wana nafuu, kwani volti hukaribiana, na plagi zao za pini tatu ndizo zitumikazo Kenya na Tanzania.

Kabla ya kununua, tupige simu nyumbani. Tuwaulize wazee: mwakaa wapi jioni? Mwashona, mwasoma, au mwazungumza tu? Usiku mwaamka mara ngapi? Majibu yao ndiyo yatakayotuongoza dukani. Zikibaki fedha, zinunue betri.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuzima taa tunapolala, naye alikuwa akihofia moto, na israfu tumekatazwa katika kila jambo. Nyumba tulivu ni ile ambayo taa zake zimezimwa kwa wakati, na iliyobaki ikiwaka ina kazi ya kufanya.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumzia madirisha na upepo wa kaskazi.

Wabillahi tawfiq.