SELI SHINA ZA KWENYE PAKETI (Sehemu ya 4)

Leo nasema bila kupepesa macho.

Kwenye magrupu mnauziwa unga wa kukoroga, mnaambiwa ni "seli shina", eti unatibu selimundu, mtindio wa ubongo, mpaka kisukari cha bibi. Ni uongo.

Seli shina ni seli hai ambayo bado haijachagua kazi: inaweza kuwa mfupa, mafuta au msuli. Tena ni dhaifu. Hata ikichomwa kwa sindano palepale palipoumia, nyingi hufa au husombwa ndani ya siku chache. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutengeneza jeli ya kuzibeba: sehemu kubwa ni maji, yameshikwa na kitu kama jelatini au alginati ya mwani.

Na jeli hiyo lazima iyeyuke kwa wakati wake. Fikiria mirunda chini ya zege. Ukiitoa mapema, zege linashuka. Ukiiacha milele, chumba hakikaliki.

Mwaka 2013, timu ya Jason Burdick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilionyesha hivi: kwenye jeli ambayo seli ziliweza kuimega, zilielekea kuwa mfupa. Kwenye jeli ya ugumu uleule isiyomegeka, zilielekea kuwa mafuta. Na hapo ni maabara, bado si wodini.

Sasa niambie mama: jeli ikikosewa kidogo tu seli inabadili njia, halafu unga uliokaa kabatini miezi ndio ufike kwenye ubongo wa mtoto? Seli hai hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Na ukiimeza, tumbo linaisaga kama nyama ya mchuzi.

"Lakini nesi, si wanapandikiza uloto?" Ndiyo, hata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Seli za damu zikipitishwa mshipani hujua njia ya kwenda kwenye mfupa, na mtoaji hupimwa kwanza kama analingana. Hakuna kijiko hapo.

Kinachoniuma si hela tu. Ni mtoto kuachishwa foliki asidi na haidroksiyurea kwa sababu "tumepata kiboko yake". Jamani, dawa za mtoto zisiachwe!

Muuzaji akija, muulize: Seli za nani? Zimekaaje hai? Zinafikaje zinakotakiwa? Akianza kukusomea ushuhuda, mwage.

Mtumie na shoga yako. Sehemu ya 5 kesho.